Fundi wa Bure kwa Mama Idda

Ambrose alikuwa anamalizia supu ya mbuzi pale Makambako aliposikia maneno yaliyomfanya aweke kijiko chini. Lenard, mwenye duka la vipuri, alikuwa anatangaza kwa sauti kwamba anatafuta seva. Iwe na mfumo mpya, programu za kupimia parachichi ziwe zinafanya kazi, naye atatoa pikipiki yake nyekundu pamoja na kadi yake.

Pikipiki ya Ambrose ilikuwa imeshikiliwa na watu aliowauzia miche isiyoota, na kutembea kwa miguu kulikuwa kunamdhalilisha.

"Ninayo," alisema.

Hakuwa nayo, ingawa ufundi wa kompyuta aliujua. Lakini Njombe nzima ilijua kwamba Mama Idda, mnunuzi wa parachichi, ana seva nzuri yenye mfumo uliochakaa. Kesho yake Ambrose alikuwa mlangoni kwake, akipuliza viganja kwa baridi.

"Kamwene, mama. Kwa mfumo huu wezi wanaingia kwenye seva yako kama wanaingia sokoni. Nitakuwekea mpya, bure."

"Bure?" Mama Idda alimtazama juu mpaka chini. "Wewe unakula nini, baba?"

"Natafuta jina tu, mama."

"Haya. Jina utalipata."

Mfumo mpya uliingia bila shida. Balaa lilikuwa programu. Za zamani zote ziligoma, ikabidi azijenge upya moja moja. Hii ilidai ile, ile ikadai nyingine ambayo nayo haijajengwa, na ujenzi ukikaribia kwisha unaanguka kwa kosa dogo, anaanza tena. Mara kadhaa alitamani kulipua kazi, aimalize ovyo ovyo tu, kisha akakumbuka kwamba Lenard ataijaribu. Masikini Ambrose! Hakuwahi kufanya kazi safi namna ile maishani mwake.

Yote yalipokubali, akakunja uso.

"Mama, kimebaki kifurushi kimoja kizito cha programu. Kukijenga kunataka umeme usiokatika. Niende na seva nikamalizie Makambako, kesho nairudisha."

"Sawa, fundi wangu." Mama Idda alimsaidia mwenyewe kuipakia kwenye gari. Nauli alilipa Ambrose.

Dukani, Lenard aliiwasha, akapima parachichi, akatoa risiti, akazima, akawasha tena. Ambrose akanyoosha mkono kupokea funguo.

"Dada!" Lenard aliita. "Njoo uone. Imekaa vizuri."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka, akatoka Mama Idda, aliyewahi gari la mbele.

"Asante, fundi. Ofisi nahamishia huku kwa mdogo wangu. Mafundi wote niliowaita walilipua. Nikamwambia Lenard, tumtafute mtu wa kuiiba, huyo ataitengeneza kwa moyo wote. Na kuisafirisha ataisafirisha mwenyewe."

"Mmenitapeli!" Ambrose alipayuka. "Naenda polisi!"

"Nenda," alisema Lenard. "Utawaambia seva ilikuwa ya nani?"

Ambrose aligeukia mlangoni. Pikipiki ilikuwa pale nje inang'aa, na alitamani kulia kabisa.

"Usinune, baba," alisema Mama Idda. "Kuna printa imebaki Njombe. Nayo inasumbua."