Kichwa cha Kamera na Picha ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji nimempata! Jumapili watoto wote saba wa baba mkwe watakuwa sebuleni kwake, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Dada yao mkubwa anasafiri jioni ileile. Mzee anataka picha moja tu ya kutundika ukutani. Nikawahi: nitapiga mimi, kwa kamera ya filamu ya marehemu babu. Shemeji, kaka wa mke wangu, yule wa simu mbili, alicheka mpaka akakohoa. Nikamweleza mzee kwamba picha ya heshima haipigwi kwa simu, kwa hiyo siku hiyo simu zote ziwekwe kapuni mlangoni. Mzee kakubali. Shemeji kanywea.

Jumatano, 5 Juni

Nimeduwaa. Picha za majaribio zimetoka nyeupe zote. Mke wangu mweupe, kuku mweupe, ukuta haupo kabisa. Na mita ya mwanga ilisema mambo safi! Kamera hii ina kichwa cha kuchomoka, ndicho chenye tundu la kuchungulia na mita. Juu yake nilisoma spidi ya 250, yaani kufumba na kufumbua. Lakini shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, ilifunguka, ikatafakari, ndipo ikajifunga. Nimelaumu betri. Nimelaumu filamu. Mke wangu kauliza kama nimesoma karatasi ya maelekezo. Ipo chini ya mguu wa meza, meza inayumba.

Ijumaa, 7 Juni

Kwa fundi kamera. Nilimwambia shata imekufa, machozi yananilengalenga. Hakugusa hata bisibisi. Alikinyanyua kichwa, akanionyesha kitufe cha spidi cha kamera yenyewe, kilichojificha chini yake. Kilikuwa kwenye sekunde moja nzima, mwanga unamiminika mpaka picha inaungua! Akauliza kama nilikuwa nimekichomoa kichwa. Nikasema nilifuta vumbi kidogo tu. Akasema kichwa kina kipini cha kukamata kitufe cha chini. Ukikirudisha bila kuzungusha mpaka kipini kinase, kichwa kinasema lake na mwili wa kamera unafanya lake. Akazungusha, tik, kikanasa. Shata haina ugonjwa wowote. Akanisihi mara tatu nisikichomoe tena kabla ya Jumapili.

Mara tatu za nini? Mimi huambiwa mara moja.

Jumapili, 9 Juni

Simu zimo kapuni. Baba mkwe kavaa koti alilooa nalo, vifungo vinalalamika. Watoto saba wamejipanga kwa umri. Wawili kati yao hawasalimiani siku hizi, lakini leo mabega yamegusana. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akasema hakutegemea kuwaona hivi tena.

Kabla ya kupiga nikaona kidoa cha vumbi ndani ya tundu la kuchungulia. Aibu gani hii mbele ya shemeji! Nikakishughulikia chapchap, kila kitu kikarudi mahali pake. Nimepiga thelathini na sita. Shata ilijivutavuta kidogo, nadhani ni baridi ya asubuhi.

Jumanne, 11 Juni

Thelathini na sita, zote nyeupe! Dada mkubwa ameshaondoka. Nilikwenda kwa baba mkwe kuungama. Nikainua macho: ukutani kuna picha. Wote saba wamo, mzee katikati anacheka. Shemeji alitia kapuni simu moja! Ya pili aliiegemeza kabatini nyuma yangu, akaitega ipige picha yenyewe.

Mzee alinionyesha pembeni ya picha. Nami nimo, nimeinama, kichwa cha kamera mkono wa kushoto, kitambaa mkono wa kulia. Kauliza nilikuwa nafanya nini pale. Nikamjibu huo ndio utaalamu.

Fundi kanidanganya, shata ni mbovu. Leo nimepata kamera nyingine ya aina ileile. Kichwa chake kina vumbi ajabu. Nimekichomoa, nimekipangusa vizuri na kukirudisha, na Jumamosi nampiga picha mama mkwe.