Mashine ya Kukanda na Ndoo Yangu ya Maji

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka salama, namshukuru Mungu. Miaka yote nimekanda mikate ya Bosi kwa mikono hii, na leo mama huyo kaleta mashine! Sufuria la chuma lenye mkono uliopinda kama ndoano. Mkono mmoja tu! Mimi ninayo miwili. Bosi kasema Ijumaa ataamua kama bado anamhitaji mkandaji. Kitufe cha kuiwasha kapewa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hata chai hukorogewa. Akaniuliza eti, shemeji, kitufe chako wewe kiko wapi? Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshindana nayo. Nimekanda mfuko mmoja wa unga, mgongo ukalia kwaa! Mashine imekanda miwili, shemeji kakaa anatafuna karanga. Jioni mke wangu kanikanda mgongo kwa maji ya moto, akiuliza nagombana na chuma kwa nini. Nikamwambia bila kazi hii jiko letu litapoa. Akaongeza maji. Mungu amweke.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Limenijia katikati ya sala, kwa hiyo nimelihesabu kuwa baraka. Kila mkandaji anajua: maji yakizidi, donge halishikiki, linakuganda hadi viwikoni. Kesho shemeji akienda kunawa, namwaga ndoo moja ya ziada. Aibu yake, ushindi wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwaga. Mungu anisamehe, ilikuwa ndoo ndogo. Unga ukawa uji. Nikajibanza nyuma ya magunia, nangoja kelele. Wapi! Mashine haina viwiko. Ilizunguka, ikazunguka, haichoki wala haikasiriki, mpaka uji ukavutika, laini kama shavu la mtoto mchanga. Mikate ikafura, myepesi kama pamba. Wateja walionunua asubuhi wakarudi mchana. Bosi akamuuliza shemeji siri yake. Akajibu ni kipaji. Kipaji!

Ijumaa, 7 Juni

Bosi kaniita. Nikapangusa unga mikononi, nikaenda. Kumbe mikate imekuwa mingi, bei kaishusha, foleni imetoka hadi barabarani, na muuzaji wa dirishani kaelemewa. Kasema mimi nina maneno mengi, na dirishani maneno ni kazi. Mshahara uleule! Tena kaajiri wapakuzi wawili wa unga, maana lile sufuria halishibi. Asante Mungu. Nimeuza huku nikiwaulizia watu hali za wagonjwa wao. Bibi mmoja kanibariki. Mgongo hauumi. Hata shemeji nimemwombea, kwa kifupi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku njema, namshukuru Mungu kwa dirisha hili. Ila Bosi kasema wiki ijayo inakuja mashine ya kukata na kufunga mikate, itakaa dirishani, ubavuni pangu. Shemeji kanipa pole, akitafuna karanga.

Nimesali, nimetulia, nimetafakari kosa langu. Nimeliona: ni maji. Sitagusa maji tena maishani. Hii ya kukata nitaipelekea mikate ikiwa bado ya moto kutoka tanurini, maana kila mtu anajua mkate wa moto haukatiki.

Asante Mungu kwa akili uliyonipa.