Asante, Nimeshiba

Jumatatu, 3 Juni

Nimefika. Chumba cha juu. Kitanda kinalia kila nikigeuka, dirisha linatazama uchochoro na tangi la maji. Kazini wanajua nimekuja kuuza kufuli na vitasa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Sawa, nitauza. Kilichonileta hasa ni Meza ya Siri.

Haina bango wala namba ya simu. Ni chakula cha jioni nyumbani kwa mtu, watu wachache, na hupati kiti mpaka uchaguliwe. Mwaka jana mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wake mke wangu, alipita mji huu kikazi akala hapo. Tangu siku hiyo hatuli kwa amani. Tukikaa mezani kwa mama mkwe, mwenzangu anaonja, anaweka kijiko chini, anafumba macho, anashusha pumzi. Si mbaya, anasema, lakini ukishakalia kile kiti chekundu cha mahameli... Na mama mkwe, badala ya kukasirika, siku hizi anampakulia yeye kwanza. Mimi niliyemwoa mkubwa! Napakuliwa baada ya watoto.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka nilitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba safari hii nitakula Meza ya Siri. Mwanyumba nilimwomba anieleze mtu anaingiaje. Akasema siri ni siri. Nikirudi bila kula, nimekwisha.

Jioni nilishuka na dereva wa kampuni. Chini ya nyumba ya wageni kuna mama fundi cherehani. Alikuwa anakula mlangoni, sahani juu ya meza ya cherehani. Akasema karibu. Nikajibu kama nilivyolelewa: asante, nimeshiba. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula biskuti tu. Nikageuka kumwita dereva. Alikuwa ameshanawa mikono. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 4 Juni

Nimemuuliza dada wa mapokezi. Hajui. Muuza magazeti hajui, na ameniuzia gazeti la juzi. Mwenye duka la vifaa hajui, na kufuli hataki.

Nikaingia kwa kinyozi, maana kinyozi hakosi habari. Nilimwambia anipunguze kidogo, taratibu, nipate muda wa kumchimba. Akakiri kwamba meza ipo. Kiti hakinunuliwi wala hakiombwi. Anayeulizauliza, alisema, ndiye hapati kabisa. Nusu ya mtaa nilikuwa nimeshaiuliza! Nikashtuka, nikageuza kichwa. Sasa nina upara upande wa kushoto.

Jioni fundi cherehani akanikaribisha tena. Harufu ya vitunguu ilinipanda hadi kwenye ubongo. Nimeshiba, nikasema. Akanitazama, akauliza nimeshiba nini. Nikasema chakula. Dereva hakuonekana hadi wakati wa kulala. Alisema alikuwa hapo hapo chini.

Jumatano, 5 Juni

Mkakati mpya. Siulizi tena. Wanaochagua waone wenyewe kwamba mimi ni mtu wa kula kwa utaalamu, wanifuate. Nilikaa kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, meza ya dirishani. Supu ikaja. Nikaonja, nikaweka kijiko chini, nikafumba macho, nikashusha pumzi, vilevile kama mwanyumba. Nikarudia. Nikarudia tena. Mhudumu akaja kuuliza kama ni jino. Nikakana. Akaniletea maji ya moto yenye chumvi hata hivyo, na supu akaiondoa, eti itanizidishia maumivu. Sikubisha. Mtaalamu habishani na mhudumu.

Dereva amerudi tumbo mbele, kijiti cha meno mdomoni. Amekula tena kwa yule mama! Nikamkalisha chini nikamfundisha: ukikaribishwa unashukuru, unapita. Karibu ni salamu tu. Akauliza, kama ni salamu, mbona inakuja na sahani. Kuna watu huwezi kuwaelimisha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeupata mlango! Jana jioni, nikiwa dirishani na biskuti zangu, niliona watu wakiingia mlango wa bluu uchochoroni. Mmoja mmoja, wamevaa vizuri, hakuna aliyebeba kitu. Na mlango wenyewe hauna kitasa. Umefungwa kwa kamba! Nilicheka peke yangu.

Mchana huu nikagonga. Akafungua fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Nikaelewa mara moja: anawashonea vitambaa vya meza. Nikamwambia kampuni yetu inatoa kitasa bure kwa ajili ya matangazo, na wa kukifunga ni mimi mwenyewe. Akashukuru, akasema nije saa nitakayoona inafaa. Nikachagua saa kumi na mbili jioni, wakati wa kupakua. Nitakuwa ndani, bisibisi mkononi. Sahani zitapita mbele ya pua yangu. Nani atamnyima fundi?

Sasa ni usiku. Kitasa kilikaa vizuri mno. Kilichobaki ni kujaribu kama kinafunga, na kitasa cha aina ile hujaribiwa ukiwa nje. Nikatoka. Nikavuta mlango. Kikafunga. Funguo ndani, mkoba wa vifaa ndani. Nikagonga, lakini vijiko vilikuwa vinagonga sahani kunizidi. Nikasukuma kwa bega. Wapi! Ni bidhaa nzuri, lazima niseme.

Kutoka ndani nilisikia mtu akicheka kama dereva wangu. Wanaume wengi wanacheka vile.

Ijumaa, 7 Juni

Dereva ameniletea mkoba wangu. Tukiwa garini akauliza, kwa upole, kama ile meza ninayoihangaikia siyo ile ya mama wa cherehani. Maana yeye yuko pale tangu Jumatatu. Akanieleza yote. Mama anakaribisha watu mlangoni. Ukikubali, unaonja sahani yake. Akiona umekula kwa njaa ya kweli, anakupitisha uani kwa wenzako. Huko ndiko kuchaguliwa. Hataki watu wanaojidai wameshiba. Viti havipo hata kimoja, wote wanakalia marobota ya vitambaa.



Bado jioni moja. Kesho tunaondoka. Nikapiga moyo konde. Mchana kutwa sikutia kitu mdomoni, hata biskuti. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: "Asante, mama, naja. Asante, mama, naja." Dada wa mapokezi akaja kugonga, kuuliza kama nimeingiza mgeni bila kumwandikisha.

Saa kumi na mbili nikashuka, tumbo linanguruma. Alikuwa mlangoni. Sahani juu ya cherehani, mvuke unapanda.

"Karibu, baba."

"Asante, nimeshiba."

Ilitoka yenyewe, kama kwikwi. Mama akashusha kijiko.

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mama."

Akasema basi. Alikuwa amenitengea robota langu karibu na jiko, kwa ajili ya kile kitasa, ila aliyeshiba hawezi kumlazimisha. Akachukua sahani, akaingia uani. Nikasikia kitasa changu kule uchochoroni kikifunga, mara moja tu, bila kukwama.

Ningeweza kuzunguka nyuma nikagonga. Lakini ukishasema umeshiba, kisha ukagonga, wewe ni mtu gani? Nikapanda juu nikakaa kitandani. Niliumia sana.

Jumapili, 9 Juni

Nyumbani. Mama mkwe amepika, ukoo wote umekaa. Mwanyumba akaniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kama nilikipata kiti. Nikasema nilikipata, tena cha kijani, kando ya dirisha. Hapo hapo nikakumbuka marobota.

Mwanyumba akasema anakikumbuka vizuri hicho cha kijani. Kilikuwa jirani na chake chekundu.

Nikamtazama. Huyu hajawahi kukanyaga pale! Mwaka mzima ananilia nafasi kwa kiti kisichokuwapo! Neno moja lingetosha kumwumbua. Lakini ili nimtoe kwenye chekundu, ilibidi nami niinuke kwenye cha kijani. Kwa hiyo nikaonja, nikaweka kijiko chini, nikafumba macho. Naye akaweka chake. Tukashusha pumzi kwa pamoja. Si mbaya, tukasema, lakini...

Mama mkwe akatutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Akanyanyua sufuria lenye pande zuri la nyama, akalipitisha mbele yetu. Mlangoni alikuwa amesimama dereva, ameniletea sanduku la sampuli nililolisahau garini. Mama mkwe akamwambia karibu. Dereva alikuwa ameshaanza kunawa.

Niliogopa asije akafungua mdomo. Ulikuwa umejaa. Mama mkwe akamwangalia akila, uso ukamchangamka, akasema sasa huyu ndiye mtu wa kupikiwa. Akamvutia kiti cha ubavuni kwake, kile nilichokuwa nakalia mimi kabla mwanyumba hajaoa. Akamwambia Jumapili zote nafasi yake ni hiyo.

Kisha akanigeukia, mwiko mkononi, akauliza kama aniongeze. Ndani ya sufuria mchuzi ulikuwa bado unafuka mvuke.

Asante, nikasema, nimeshiba.

Kesho naandika barua ofisini wanibadilishie dereva. Nataka mwenye adabu.