Gari Langu kwa Mpangilio wa Alfabeti

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekuwa mtu mwenye gari. Niandike tena: mtu mwenye gari. Nimelinunua kwa fundi cherehani wa pale karibu na stendi ya mabasi, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiweka humo vitambaa vya wateja. Rangi ni bluu, nadhani. Aliapa kwamba gari halina tatizo lolote, ni injini tu. Nikamlalia bei kwa sababu ya hiyo injini. Akakubali haraka mno, nami nikajipongeza kwa ujanja.

Watu sita wamelisukuma kutoka stendi hadi uani kwetu. Miaka kumi na miwili naupanda mlima huu kwa miguu, sikujua kuwa ni mkali namna hii. Mmoja alilala chini mbele ya geti akaomba aachwe hapo hapo.

Mke wangu alitoka na ufagio mkononi, akalizunguka gari mara moja, akauliza litatembea lini. Nikasema Jumapili ijayo. Kwa nini Jumapili? Mdomo wangu huu. Jumapili ijayo mama mkwe anakuja.

Jumapili, 4 Mei

Niliweke jambo hili wazi, angalau humu. Tangu nioe, mama mkwe hajawahi kulala kwetu hata siku moja. Akija, anapokewa stendi na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mimi humwita Mng'aro. Ana gari jeupe analolifuta hata siku ya mvua. Na mama mkwe ana sheria moja: anayempokea ndiye atakayemlaza kwake, maana hapendi kuhamishahamisha mizigo. Mke wangu hajawahi kulalamika. Ila kila akitoka kumsalimia mama yake kwa dada yake, huosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa.

Leo nimempigia mama mkwe. Nimemwamkia, nikamwambia safari hii nitampokea mimi, kwa gari langu mwenyewe. Akauliza gari la nani. Nikarudia. Akauliza kama nina homa. Mwishowe akasema haya, baba, atakuja tuone.

Nusu saa haikupita, Mng'aro akanitumia ujumbe wa kunitakia kila la heri. Ameambatanisha picha ya usukani wake.

Jumanne, 6 Mei

Nimechukua likizo ya siku nne. Mimi ni karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kupoteza jalada, ukiacha lile la mkurugenzi. Gari na ofisi ni kitu kimoja. Likikwama, kuna mahali kitu kimelala bila kushughulikiwa. Dawa ni kutoa kila kitu, kukiandikia jina na kukipanga upya.

Nimetoa kila kitu. Kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kila kipande kimeingia kwenye mfuko wake, na mifuko yote iko barazani kwa mpangilio wa alfabeti. Betri, boliti, feni, kabureta, plagi, radieta. Boliti ni mia moja na nne, zote mfuko mmoja, herufi B. Vile nisivyovijua jina nimeviweka herufi K, yaani kitu. Kitu Na. 1 hadi Kitu Na. 23. Mke wangu amesema hajawahi kuona baraza safi hivi. Nakwenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha.

Jumatano, 7 Mei

Nimemleta fundi magari. Aliangalia ndani ya boneti, akakuta uwazi. Akaangalia baraza. Akauliza hizi boliti kila moja imetoka wapi. Nikamwelekeza herufi B. Akauliza tena, polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Nikamwonyesha lebo.

Aliomba kiti. Alisema katika miaka thelathini ya ufundi ameona magari yaliyoungua na yaliyozama mtoni, ila hajaona lililowekwa kwenye alfabeti. Kulirudisha ni mwezi mzima. Nikamwambia Jumapili. Alicheka mpaka mke wangu akamletea maji.

Lakini ni mtu mwungwana. Amekubali kushughulikia breki, usukani na magurudumu kwanza. Kasema tuhakikishe linasimama, mambo ya kutembea tutaongea baadaye.

Ijumaa, 9 Mei

Breki zinashika. Usukani unatii. Injini tumeirudisha kwa kubahatisha, fundi akishika na mimi nikisoma lebo. Imebaki mifuko miwili na Kitu Na. 9, ambacho hakikubali kuingia popote. Tukawasha. Gari likakohoa mara moja, likatoa moshi kwenye redio, likanyamaza. Fundi akafuta mikono, akasema pole.

Niliingia ndani nimkirie mke wangu ukweli. Nilimkuta chumbani kwa watoto anatandika shuka mpya. Mapazia keshayapiga pasi. Aliniuliza kama mama atapenda kulala upande wa dirisha au wa mlango. Nikajibu dirisha, nikatoka. Nilijisikia mtu wa hovyo kabisa.

Nilikuwa nimesimama getini wakati mfuniko wa ndoo ulipomponyoka jirani yetu. Ukabingirika. Ukapita kona ya kwanza, ukapita duka la vinyozi, ukaenda kusimama stendi, wenyewe, bila injini.

Jamani! Kwani nani alisema kwenda stendi kunahitaji injini?

Jumamosi, 10 Mei

Nimelifuta gari. Bluu kweli. Fundi amekagua breki mara tatu, akaapa zitashika. Kisha akauliza kurudi juu nitarudije. Nikamwambia asiwe mtu wa kutanguliza mashaka.

Jumapili, 11 Mei

Nimetoka mapema, barabara ikiwa tupu, basi likitarajiwa saa tatu. Mke wangu alinipungia mkono. Nikaachia breki, nikateremka. Upepo dirishani, usukani mkononi, kimya kitupu. Muuza magazeti alinipa salamu ya heshima. Nilisimama stendi pale pale nilipotaka, saa mbili kamili, nikakaa humo ndani kama waziri.

Basi likachomoza, nikashuka na kusimama nikimtafuta madirishani. Nikampokea mama mkwe, nikamfungulia mlango wa nyuma, akaingia na mfuko wake mapajani. Nikakaa kwenye usukani. Nikaongea kuhusu hali ya hewa. Nikauliza habari za mashamba, nikauliza habari za jirani zake mmoja mmoja. Akajibu zote. Kisha akauliza tunasubiri nini.

Hapo ndipo gari jeupe likatokea. Hakuna aliyemwita. Mng'aro alishuka, akainua boneti yangu bila ruhusa, akatabasamu, akamkaribisha mama kwenye gari lenye uhai. Nilijua yamekwisha. Niliiwaza shuka mpya.

Mama mkwe akamjibu kwamba keshakaa, na miguu yake haifanyi kazi moja mara mbili. Akamwuliza kama ana kamba.

Basi gari jeupe likatuvuta mlima mzima, likitoa harufu ya kuungua, na watu wote wa mtaa wako nje. Katikati ya mlima mama mkwe akaniambia kwamba alijua gari hili ni maiti tangu alipoliona. Lakini kwa miaka yote hii Mng'aro hajawahi kufika kabla ya basi. Yeye, mama, humsubiri ameketi juu ya mizigo yake, wakati mwingine saa nzima, kwa sababu gari bado linaoshwa. Leo alipochungulia dirishani, basi halijasimama hata, alimwona mkwe wake amesimama anamtafuta. Akasema hilo limemtosha, mwanangu.

Nililia kidogo. Naandika kama ilivyokuwa. Getini mke wangu alichukua mfuko wa mama yake akauingiza ndani mwenyewe, hakumruhusu mtu kuugusa.

Jumatatu, 12 Mei

Mama mkwe amelala upande wa dirisha na amekoroma hadi asubuhi. Mke wangu anaimba jikoni. Vyombo vimeoshwa mara moja tu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini nikielekea kazini nimekutana na fundi cherehani. Kaka yake ana gari kama langu, mapacha kabisa, na injini nzima, halina tatizo lolote, ni magurudumu tu. Na magurudumu mimi ninayo! Tumepeana mikono papo hapo. Wale watu sita nimeshawapa taarifa, ingawa safari hii halisukumiki, itabidi walibebe.

Mama mkwe anaondoka Jumapili na ameuliza nani atamfikisha stendi. Nimemtoa wasiwasi. Kwenda ni mteremko mtupu.

Kesho naanza kufungua gari la pili. Fundi amenisihi nisiguse kitu mpaka aje, lakini mimi si mtoto, nimeshaliona kosa langu. Mambo ya alfabeti basi. Hili nitalipanga kwa ukubwa.