Chelangat na Neno Lililofungua Kinywa cha Mgeni

Tueni vikapu, enyi wachuma chai wa Konoin, na wewe wa nyuma acha kutafuna mahindi, maana nawasimulia vita vilivyopiganwa sebuleni mwa Mama Rebeccah, juu ya kiwanda cha Mogogosiek, mwaka ule wa tisini na sita mvua ilipokataa kukatika. Damu haikumwagika. Maziwa nusura.

Shujaa wetu ni Chelangat mke wa Kipyegon, Mshika Mwiko asiyetikisika, mpishi katika nyumba ya daktari Mkorea na mkewe, Mama Yun. Kila asubuhi, kabla daktari hajaketi mezani, Mama Yun alichota kijiko cha chakula, akakikinga kwa kiganja, akakisogeza mdomoni mwa Chelangat akanena, "Matbwayo," yaani onja uone. Naye Chelangat akaonja kabichi ile iliyochacha na kujaa pilipili, ikamtoa machozi, akaonja tena. Neno lile akalitamani mno. Akalifanyia mazoezi kati ya mistari ya majani chai. Akawaamuru ng'ombe waonje nyasi, akamwamuru Kipyegon aonje ugali. Lakini kila alipolitamka mbele ya Mama Yun lilitoka limekakamaa kama askari wa gwaride, na mama wa watu akacheka hadi akashika meza.

Sasa huko nyumbani alikuwako mama mkwe, Rebeccah Mlinzi wa Kibuyu, asiyeona maana ya kazi ile.

"Mke wa boma hili," alitangaza, "hatawapikia watu wasiokunywa maziwa yetu. Mlete huyo mama hapa. Akiondoka bila kunywa mursik yangu, kazi yako imekwisha."

Na Chelangat aliipenda kazi ile, jamani. Aliipenda kuliko alivyothubutu kusema.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, Mama Yun akafika, akaketishwa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofuliwa upya, na majirani wakaziba mlango kwa kuchungulia. Kibuyu kikainamishwa. Mursik, maziwa yaliyochacha ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, ikashuka vikombeni, nzito, na vidoadoa vyake vyeusi.

Hapo majeshi yakakwama. Kwa Mama Rebeccah, mwenye nyumba hagusi kikombe mgeni hajanywa. Kwa Mama Yun, mdogo hapeleki kitu kinywani mkubwa hajaanza, na Mama Rebeccah alimzidi umri kwa mbali. Huyu akangoja, yule akangoja, wote wakitabasamu hadi mashavu yakawauma, na hakuna aliyekuwa na kosa. Mambo hayo! Mwishowe tabasamu la Mama Rebeccah likakatika.

"Binti," akanena, "mgeni wako ameidharau nyumba hii mbele ya majirani. Kesho utachuma chai na wenzako."

Chelangat akavitazama vile vikombe. Kumwomba mama mkwe atangulie kunywa? Thubutu. Kumhimiza mgeni avunje adabu ya kwao? Hapana. Ndipo akakumbuka jikoni kule: yeye, mdogo wa wote, huonja kila siku kabla ya daktari, wala daktari hajanuna, kwani anayeonja hajaanza kula. Akatwaa kijiko. Akakichovya kikombeni, akakikinga kwa kiganja, akakisogeza.

"Matbwayo."

Likatoka laini, bila yeye kulitafuta, kama mtu amwitavyo dadake. Mama Yun akafungua mdomo kabla hajajijua. Akameza. Akafumba jicho moja, mlango mzima ukaacha kupumua, na nyinyi nawaona mmeacha pia.

"Hii na kabichi yangu," akasema Mama Yun kwa Kiswahili chake cha taratibu, "ni dada."

Mama Rebeccah, alipokwisha kuona mgeni amemeza, akanyanyua kikombe akanywa. Mama Yun, alipokwisha kuona mkubwa amekunywa, akakimaliza chake chote na kukinyoosha tena. Vigelegele vikapasua mawingu ya Konoin. Na isimuliwe kutoka Kapkatet hadi Longisa kwamba siku hiyo neno la ng'ambo ya bahari lilipanda mlima wa Mogogosiek, likashinda vita kwa kijiko.

Mama Rebeccah akapangusa weupe mdomoni. Akamtazama mke wa mwanawe kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza anaolewa.

"Kesho amka mapema," akanena. "Usichelewe kazini."