Mawese Mekundu Kupita Kiasi

Salvator aliipenda sheria kama mwewe anavyopenda vifaranga. Asubuhi moja, akiwa kwa kinyozi mtaani Greyville, alisikia kwamba sheria ya vyakula inakataza ile rangi ya viwandani ambayo wauzaji wasio na haya huichanganya kwenye mawese ili yavutie macho. Wenzake waliguna, wakarudi kwenye habari za Kombe la Dunia lililokuwa njiani. Salvator peke yake aliguswa na afya ya umma. Shavu la pili lilikuwa halijanyolewa naye ameshajua pa kuazima koti jeupe.

Mama Gaël alikuwa na duka dogo nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na dukani madumu kumi na mawili ya mawese. Salvator aliingia Alhamisi na koti jeupe la kuazima, akachovya kijiti, akakinusa, akafumba macho kama padri altareni.

"Mama, hii mafuta iko nyekundu sana."

"Mawese si huwa mekundu, bwana afya?"

"Kuko wekundu wa Mungu, kuko wekundu wa kiwandani. Huu Mungu hahusiki."

Akamweleza kwamba rangi hiyo inashukiwa kuleta saratani, kwamba muuzaji hasalimiki kwa kusema naye aliuziwa, na kwamba wakaguzi wakiyakuta mawese hayo, duka litafungwa. Hakuwa amewahi kusema kweli tatu mfululizo, na huenda ndiyo maana mambo yalimharibikia.

Mama Gaël alishika kichwa, akalia, akaomba aachiwe angalau nusu. Salvator alikuwa amekusudia madumu manne tu. Lakini kitu kinacholiliwa hivyo, alifikiri, lazima kina thamani. Akachukua yote. Huku akijifuta machozi, Mama Gaël mwenyewe alimwitia mwenye pikapu, mtu mkimya aitwaye Jean-Bosco. Nauli alilipa Salvator, maana serikali, alisema, haikopi.

Salvator alikaa mtaa wa South Beach, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa marehemu. Jean-Bosco alisema mgongo unamsumbua, akabaki chini kulinda gari. Salvator alipandisha dumu moja moja, akijifariji kwa hesabu ya faida.

Kesho yake alipeleka chupa ya kuonja kwa Blandina, mpishi wa harusi za Warundi. Blandina alimimina kidogo kikaangoni, akaongeza moto. Mawese halisi yakichemka sana hupauka. Haya yalifuka moshi na kubaki mekundu, kama robot, ile taa ya njia panda, iliyogoma kubadilika.

"Eish, Salva. Hii si ile ya Mama Gaël? Tapeli mmoja alimuuzia mwezi jana, na wakaguzi wanamjia Ijumaa. Maskini, wiki nzima halali, hajui ataitupa wapi."

Salvator aliifunga chupa yake. "Leo siku gani?"

"Ijumaa."

Alipofika kwake aliwakuta wakaguzi wawili wameketi kwenye ngazi za ghorofa ya tisa, wakihema. Mama Gaël alikuwa amewaambia kweli tupu: mafuta yalichukuliwa na bwana afya, na dereva anaikumbuka nyumba. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo, aliuliza kwa Kiingereza cha upole.

"Wewe ni mkaguzi? Kama ndivyo, tuonyeshe kitambulisho. Kama sivyo, basi mafuta ni yako."

Salvator aliwafungulia mlango. Akalitazama koti jeupe lililotundikwa msumarini, akayatazama madumu. Kwenye koti aliona jela. Kwenye madumu aliona faini, na gharama ya kuyateketeza.

"Mafuta ni yangu," alisema. Alikuwa amedanganya tangu utotoni, lakini huu ulikuwa uongo wa kwanza kumtoza pesa.

Wakaguzi waliamuru yapelekwe kuteketezwa siku hiyohiyo, kwa gharama ya mwenyewe. Chini, pikapu ilikuwa imeshafika. Jean-Bosco alikuwa ameegemea mlango wake, akila maandazi ya moto kutoka dukani kwa shemeji yake, Mama Gaël.

"Nauli ni ileile, bwana afya," alisema, akijipapasa mgongo. "Ngazi ni zako."