Uso wa Mwanangu na Majani Elfu Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu, niwie radhi. Mara ya mwisho nilikuandikia mtoto hajaota jino. Sasa analo, na ameshalijaribu kwangu. Nijitetee vipi? Mikono ni miwili tu.

Habari kubwa. Maabara yetu ina picha elfu kumi na mbili za majani yenye ugonjwa, na inatakiwa programu ya kuhesabu madoa. Nimeandika moja. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Jogoo kwa kuwa hutangaza kila alifanyalo, ameandika yake. Ijumaa Profesa anachagua. Sharti: ikimbie vizuri kwenye kompyuta zetu tatu, na kila moja ina mfumo endeshi wake. Mawifi watatu, kila mmoja na mambo yake!

Yangu ukishaiwasha inajiendesha. Ikishinda, natoka saa nane mchana nikanyonyeshe. Ya Jogoo inataka mtu wa kuilisha picha mafungu kwa mafungu hadi saa kumi na mbili jioni. Profesa alipotamka "mtu" alinitazama mimi.

Nimeijaribu kwenye kompyuta yangu: dakika ishirini! Ya Jogoo: arobaini. Tena yangu nimeipamba. Kila jani likihesabiwa, uso wa mwanangu unachorwa kwenye dirisha la programu, unatabasamu. Nimepita koridoni kama bibi harusi.

Jumanne, 4 Juni

Aibu. Kwenye kompyuta ya Jogoo yamepita masaa matatu, na programu yangu bado iko jani la elfu nne. Jogoo ameuliza, kwa sauti ya kufika stoo, kama hii ni programu au msafara wa mazishi.

Nikamwambia ni vumbi la kompyuta yake. Hakubisha, ndiyo tabia yake mbaya. Kaifungua, kaipuliza, kaifuta kwa kitambaa. Sasa inang'aa, na inajikokota vilevile.

Jumatano, 5 Juni

Leo kazi ya kweli. Nimegundua programu ilikuwa inafungua kila picha mara mbili, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga mlango. Nimerekebisha. Kwangu: dakika nane! Kwa Jogoo: masaa. Kwa Profesa: masaa, na feni inapiga kelele ya kuomba msaada.

Mbinu mpya. Nimemshauri Profesa maabara nzima ihamie kwenye mfumo kama wangu. Hoja nimeipanga kisayansi kabisa. Amecheka hadi miwani ikatumbukia kwenye chai, akasema, dada yangu, kiatu kikibana hatukati mguu. Jogoo amelirudia neno hilo mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi nimechoka hadi kope. Harufu ya kuungua tangu mlangoni. Mama mkwe, anayeshinda na mtoto, kaketi sakafuni, mtoto mapajani anacheka, na mboga zimeshika sufuria. Nikauliza kwa adabu, ingawa uso haukuwa na adabu sana. Mama akasema nisimlaumu yeye. Mtoto akicheka, yeye mikono humgomea. Lazima amtazame hadi amalize kucheka, ndipo arudi jikoni.

Nikasimama na mkoba begani. Amtazame hadi amalize!

Mara elfu kumi na mbili programu yangu inaacha kuhesabu ili kumchora mwanangu. Mfumo wa kompyuta yangu humchora ukipata nafasi, kazi ikiendelea. Ile mingine haigusi jani linalofuata hadi unywele wa mwisho uchorwe. Nikambeba mtoto mgongoni, nikafungua kompyuta, nikamfuta kwenye programu. Kidole kilikuwa kizito. Nikamwomba radhi. Akanivuta sikio.

Ijumaa, 7 Juni

Dakika nane. Dakika nane. Kwa Profesa, tisa. Na madoa ni yaleyale kwenye kompyuta zote tatu, halikupungua hata moja! Profesa amesema kuanzia Jumatatu natoka saa nane. Jogoo kanipa mkono, akasema kumbe programu ilikuwa inangoja kuachishwa ziwa ndipo itembee. Nimecheka. Ni mtu mzuri akishindwa.

Ila dirisha limebaki kijivu. Kama sebule isiyo na mtoto.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi tulivu. Mtoto kanilalia kifuani, naandika kwa mkono mmoja. Sina ninachodai duniani.

Nimejifunza, shajara. Picha inachelewesha kazi. Picha hairudi pale, nimekataa katakata.

Nitaweka video. Video si inajiendesha yenyewe? Na sauti yake, ili hata Jogoo afaidi. Mama mkwe kaenda kwake wikiendi hii na simu yake, yenye video zote za mtoto. Nimemwagiza tangu jana; ametuma kitu kimoja tu, picha ya sufuria, imesuguliwa, inang'aa. Bado hajanitumia: mtoto akitambaa hadi mlangoni, sekunde kumi zinatosha; jino kwa karibu, mdomo wazi; kicheko kama kile cha Alhamisi, bila redio nyuma; na ile chafya, yote, hadi anapojishangaa.